Nimesahihisha Mimi

Kabla sijasimulia habari za shule mbili, ya binafsi na ya serikali, na kelele zote zilizozuka nyumbani kwetu kwa ajili yake, lazima nieleze ninavyosahihisha madaftari. Bila hilo mtaniona mkorofi tu, kama Shangazi anavyoniona mpaka leo.

Nafundisha hesabu. Darasa langu lina wanafunzi themanini na saba, na hakuna binadamu anayeweza kusahihisha madaftari themanini na saba kila siku akabaki na akili timamu. Kwa hiyo mwaka wangu wa pili kazini nilianzisha utaratibu. Wanafunzi wanabadilishana madaftari, wanasahihishana kwa penseli, na aliyesahihisha anaandika chini ya ukurasa: "Nimesahihisha mimi," kisha jina lake kamili na tarehe. Mimi nachomoa madaftari kumi, yoyote, napitia. Nikikuta tiki juu ya kosa, mwenye daftari hana neno. Anayekatwa alama ni aliyetia jina.

Wiki ya kwanza walilia. Wiki ya tatu walikuwa wakikaguana kuliko watu wa forodha. Kuna binti mmoja, kimo chake hakifiki dirishani, wenzake wamempachika jina la Hakimu. Aliwahi kumnyima rafiki yake wa kufa na kuzikana nusu alama kwa sababu ya kialama cha kutoa kisichosomeka, halafu wakati wa mapumziko akamkatia nusu ya mkate wake. Hapo nikajua utaratibu umeshika.

Na mimi ninasaini. Kila karatasi ya mtihani iliyopita mikononi mwangu ina maneno hayo chini, kwa wino mwekundu. Imekuwa kama ugonjwa, nikiandika orodha ya sokoni huwa nakaribia kusaini.

Sasa, baada ya miaka mitano, nilitaka kwenda kufundisha ng'ambo. Sikuwa nakimbia kitu. Nilitaka kuona darasa jingine kabla sijazeekea katika hili moja. Mwajiri wangu hutoa ruhusa ya kuondoka bila malipo mara moja tu kila miaka mitatu, na niliipata, barua ikapigwa muhuri, mwisho wa mwezi ukiwa kikomo. Usipokuwa na mkataba mkononi kufikia siku hiyo, rudi darasani, tuonane baada ya miaka mitatu.

Nikaomba sehemu mbili. Ya binafsi niliomba kupitia wakala. Ya serikali niliomba mwenyewe, kwa fomu ya kurasa kumi na moja iliyouliza mpaka namba ya viatu, nadhani kwa sababu ya baridi.

Ofisi ya wakala iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Ina feni isiyozunguka, ramani ya dunia iliyochomwa pini, na kochi la ngozi ambalo ukikaa na sketi huinuki kwa heshima. Yeye mwenyewe ni kijana nadhifu, mwenye ulimi laini, anayekupaka mafuta kabla hujafunga mlango.

"Mwalimu, nisikilize kama kaka yako," alisema. "Kazi ya kwanza nje ni kama mguu wa kwanza kuingia nyumbani kwa watu. Shule binafsi ni hoteli. Watoto kumi na wawili darasani, nyumba yenye kila kitu, tiketi ya ndege, mshahara karibu mara mbili. Serikali ni stendi ya basi. Wanakutupa wanakotaka, unaweza kugawanywa shule mbili, darasa lina watu thelathini na kitu."

"Hotelini watu huenda kulala, kaka," nikamwambia. "Na thelathini na kitu kwangu ni likizo."

Akacheka, akaandika kitu kwenye kompyuta. Naamini aliandika kwamba nina ucheshi.

Nyumbani kulikuwa na kambi moja tu. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwa mkuu wa wauguzi miaka thelathini, na tangu astaafu amebaki na sisi wawili tu wa kuamrisha, mimi na Mama. Alisikia neno "nyumba yenye kila kitu" akafunga mjadala. Ndani ya siku mbili mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba naenda shule ya matajiri. Mama, ambaye ni fundi cherehani na anashona sare za shule sebuleni, hakusema mengi. Alisema tu kwamba watoto kumi na wawili ni wazuri kwa koo langu. Kwa Mama hiyo ni hotuba ndefu.

Usaili wa serikali ulitangulia, kwa video ya simu. Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo, kavaa sweta la kijivu, nyuma yake kabati la mafaili lisilofunga. Mtandao ulikatika mara mbili, na mara tatu mlango wake uligongwa na mwanafunzi anayetafuta ufunguo. Nilimpenda hapo hapo.

"Ukikuta mwanafunzi hajui, unafanya nini?" aliniuliza.

"Namuuliza amepotelea wapi."

"Na kama hajui alipopotelea?"

"Tunarudi nyuma mpaka pale alipokuwa anajua."

"Na mzazi akija na hasira zake?"

"Nampa kiti. Halafu nampa daftari la mwanawe."

Akatabasamu kidogo, kisha akainua moja ya karatasi nilizotuma kama mfano wa kazi yangu. Akataka kujua yale maneno mekundu chini ni nini. Nikamweleza habari za penseli, na aliyetia jina kubeba kosa, hata kisa cha Hakimu na mkate. Aliandika kwenye kijitabu. Mwisho akasema majibu yatatoka yatakapotoka, yeye hapangi tarehe, na hawezi kuniahidi chochote. Kusema kweli hilo lilinivunja moyo. Nilitoka mbele ya ile simu nikijua kwamba serikali ni serikali, hata ungevuka bahari.

Shule binafsi wao walikuwa na tarehe, saa na dakika. Walitaka nifundishe kipindi cha majaribio kwa njia ya mtandao, mbele ya darasa lao halisi. Watoto kumi na wawili wa miaka kumi na tatu hivi, kila mmoja na meza yake, kila meza na namba yake, kila kichwa na vifaa vyake vya kusikilizia. Nikafungua kinywa kusema habari za asubuhi, kwa sauti ninayoitumia siku zote, sauti ya watu themanini na saba na bati lisilo na dari. Watoto kumi na mmoja wakavua vile vifaa kwa mpigo mmoja. Wa meza namba saba peke yake, msichana mwenye miwani, aliendelea kuvivaa. Alikunja uso, lakini aliendelea kunisikiliza. Nikaomba radhi, nikashusha sauti, tukaenda vizuri.

Siku mbili baadaye wakanitumia karatasi za mtihani wa watoto wale wale, nisahihishe. Majina yamefichwa, namba za meza zimeachwa. Nilikaa nazo sebuleni, Mama akishona upande wake, mimi na wino mwekundu upande wangu. Wengi walikuwa wazuri. Watatu walianguka, na chini kabisa alikuwa namba saba, thelathini na moja kwa mia.

Lakini karatasi ya namba saba ndiyo niliyoipenda. Ukurasa wa nne alifika kwenye swali la mabano: tano, kutoa mara mbili ya mabano ya x kutoa tatu, jibu liwe tatu. Alifungua mabano akakosea ile alama ya ndani, kama wanavyokosea watoto wote duniani. Kisha akasimama. Pembeni, kwa mwandiko mdogo uliolala, aliandika: "Kuanzia hapa sielewi. Tafadhali."

Miaka mitano nimewaomba wanafunzi waniandikie sentensi hiyo. Wanapendelea kufa. Huyu kaiandika katikati ya mtihani, kwa msahihishaji asiyemjua. Nikamjibu pembeni kwa wino mwekundu: "Asante kwa kuniambia. Tutaanzia hapa." Nikajumlisha, nikasaini, nikapiga picha, nikatuma.

Kesho yake wakala akanipigia. "Mwalimu, kazi yako wameipenda sana. Wanaomba tu uiangalie tena namba saba."

"Nimekosea?"

"Hawajasema umekosea. Wamesema uiangalie tena, kwa jicho la huruma."

Nikaiangalia tena, mstari kwa mstari. Kweli nilikuwa nimekosea. Ukurasa wa pili nilimpa tiki moja ya bure. Nikafuta thelathini na moja, nikaandika thelathini, nikasaini upya, nikatuma. Wakala akapiga tena, akaniuliza kama nililisikia vizuri neno huruma.

Nilidhani nimemwaga unga. La hasha. Jumatano nikaitwa ofisini, nikakuta mkataba umeshachapishwa. Kurasa arobaini na mbili, zimebandikwa vikaratasi vya njano kila mahali pa kuweka sahihi, mtu asipate taabu ya kusoma. Wakala alikuwa ameagiza soda mbili.

"Weka sahihi penye njano tu," alisema. "Mwisho wa kuziweka ni kesho saa sita, mkuu wao wa taaluma atakuwa kwenye video kukupongeza."

Mimi ni mtu wa kuchomoa madaftari kumi. Nikaanza kusoma. Wakala akanywa soda yake, kisha akanywa yangu. Kifungu cha tisa kilisema picha yangu inaweza kutumika kwenye matangazo. Kifungu cha kumi na nne kilisema Jumamosi ni siku ya "kuwahudumia wazazi". Nikavumilia. Mwishoni kulikuwa na kiambatisho, vielelezo vya kazi yangu, zile karatasi kumi na mbili nilizosahihisha, nithibitishe kwa sahihi kwamba ni zangu.

Namba saba alikuwa na themanini.

Nilidhani macho. Nikaisogeza kwenye dirisha. Tatu yangu nyekundu ilikuwa imeongezwa tumbo upande wa kushoto, juu na chini, ikawa nane. Wala hawakujisumbua na kurasa za ndani. Mikasi yangu juu ya makosa ilikuwa pale pale, alama za kila swali zilikuwa pale pale, na ukizijumlisha zinakupa thelathini. Mwanafunzi wangu yeyote angeliona hilo kabla hajakaa kitako. Wao waliona jumla ndiyo mtihani.

Nikafungua ukurasa wa nne. Pembeni palikuwa peupe. Maneno ya mtoto yamefutwa, na yangu yamefutwa, pamebaki kivuli tu cha wino ambacho usingekiona usipojua kilikuwepo. Chini yake, kwa mwandiko wangu, pasipoguswa: Nimesahihisha mimi. Jina langu kamili. Tarehe.

 Nimewahi kukasirika darasani, nimewahi kuwakasirikia wakubwa, lakini hii ilikuwa hasira ngeni kwangu, yenye utulivu wa kutisha.

"Nani kagusa hii?" nikamuuliza wakala.

Akaegemea mbele. "Dada yangu, ni kielelezo tu. Baba wa huyo mtoto ni mjumbe wa bodi. Themanini haimuumizi mtu."

"Inamuumiza aliyeandika haelewi."

"Wapi ameandika?"

"Ndiyo nakuuliza na mimi."

Nikachukua mkataba wote, na vikaratasi vyake vya njano, nikamwambia tutaonana kesho.

Shangazi alikuwa ananisubiri sebuleni amevaa gauni la kutokea, maana alijua ni siku ya kusaini. Nikawaeleza. Shangazi alisikiliza nusu.

"Namba moja tu ndiyo ikukoseshe nyumba?" alisema. "Wewe utakuwa umeshika hatamu za darasa lako, fanya kazi yako, hao wanaochora nane waache wachore. Serikali hawajakujibu. Mwezi unaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Ukikataa hii na ile isije, unarudi kwenye bati lako miaka mitatu. Umewaza hilo?"

"Nimewaza njia nzima, Shangazi."

"Umewaza nini sasa?"

"Kwamba ninaogopa. Na kwamba sisaini."

"Kichwa ngumu, baba yake mtupu," akasema, akamgeukia Mama. "Wifi, sema na mtoto wako."

Mama alikuwa amesimamisha cherehani. Aliomba ile karatasi. Hajui hesabu za mabano, lakini anajua wino ulioongezwa, na alipitisha kidole pale kwenye tumbo la nane mara mbili. Kisha akainuka, akachukua daftari lake la vipimo kutoka juu ya kabati, lile lenye jalada la kitambaa, akalifungua mbele ya wifi yake.

"Unaona hapa," alisema. "Bega, kifua, kiuno, urefu. Chini naandika nani kapima. Tangu nilipokuwa na wasichana wawili wa kunisaidia. Mtu akibadilisha kipimo halafu akaacha jina langu, nguo ikimbana mtoto wa watu, mama yake atakuja kwangu. Na atakuwa na haki."

Nimekulia chini ya meza ile ya cherehani, nikicheza na vifungo, na sikuwahi kujiuliza nilikoutoa utaratibu wangu. Nilijisikia mjinga na nilijisikia vizuri.

"Kwa hiyo na wewe unamwambia akatae," Shangazi alisema.

"Mimi simwambii kitu. Jina ni lake." Mama akarudi kwenye cherehani.

Shangazi akaenda kwake kubadilisha gauni.

Jioni ile, kabla ya chakula, nilichukua karatasi nyeupe nikamwandikia namba saba. Nilimweleza mabano tangu mwanzo, kwa nini alama ya nje inaingia ndani na kumgusa kila aliyemo, siyo wa kwanza peke yake. Nikampa mfano mmoja, nikampa wa pili. Niliandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa. Chini nikasaini kama kawaida.

Kesho yake saa sita kasorobo nilikuwa kwenye kochi la ngozi. Mkuu wa taaluma akatokea kwenye video, mwanaume wa meno meupe na rafu ya vikombe vya ushindi nyuma yake. Akanipongeza. Nikainua karatasi mbili mbele ya kamera, ile niliyopiga picha mwanzo na hii yao.

"Hii niliisahihisha mimi," nikasema. "Hii nyingine ina jina langu, lakini simjui aliyeisahihisha."

Hakubabaika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alieleza kwa upole kwamba shuleni kwao hawazungumzii kushindwa, wanazungumzia safari ya mtoto, na kwamba mtoto yule ana haki ya kujiamini.

"Ana haki ya kuelezwa," nikasema. "Aliomba. Tena alisema tafadhali."

"Hilo tumeshalishughulikia. Tumezungumza naye, hataandika tena vitu vya namna hiyo kwenye karatasi ya mtihani."

Wakala aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Angalau yeye aliona aibu.

"Basi sikilizeni," nikasema, na bila kupenda ile sauti ya themanini na saba ikanitoka, nikamwona mkuu wa taaluma akirudi nyuma na kiti chake. "Mnatafuta mtu wa kuwaazima jina. Mimi langu sina la kuazima. Mkataba wenu huu hapa, sijaugusa hata penye njano. Na huyo mtoto mliyemnyamazisha ndiye pekee katika darasa lenu aliyefanya kazi ya mwanafunzi."

Nikafunga ile kompyuta kwa kiganja. Haikuwa yangu, na wakala akaipapasa kama mtoto aliyeanguka.

"Umejiharibia, mwalimu," alisema, bila ubaya. "Ofisi yangu haiwezi kukupeleka popote tena."

"Sawa, kaka. Soda ile ulikunywa wewe, kwa hiyo hatudaiani."

Nilikuwa bado sijamaliza. Kwenye kurasa za mwisho za ule mkataba walikuwa wameweka orodha ya wajumbe wa bodi na anwani zao za barua pepe, kwa ajili ya fahari, na usiku nilikuwa nimezipiga picha pamoja na ule ukurasa wa nne. Mmoja tu ndiye aliyeandikwa kuwa mzazi wa mwanafunzi wa darasa lile. Nilikaa kwenye ngazi nje ya duka la dawa, nikamtumia vitu vitatu: ukurasa wa nne wa kweli, wenye maneno ya binti yake na majibu yangu, ukurasa wao ule mweupe, na maelezo yangu ya mabano. Nikaandika sentensi mbili tu, kwamba binti yake amepata thelathini, na kwamba ana ujasiri ambao watu wazima wa shule yake hawana. Nikabonyeza kabla sijapata muda wa kuwa mwoga.

Siku zilizofuata sitazipamba. Nilifundisha, nikarudi nyumbani, nikafungua simu, hapakuwa na kitu. Shangazi alikuja kila siku, akakaa mbele yangu kimya na mkoba wake magotini. Kelele zake ningeziweza. Usiku nilijiuliza kama nilikuwa nimelinda kitu au nimejifurahisha tu. Majirani waliokuwa wakiniita mtu wa majuu walianza kunisalimia kwa sauti ya hospitalini. Jumatatu Hakimu aliniuliza mbele ya darasa zima kama ni kweli siondoki tena. Nikamjibu sijui. Akasema, "Basi mwalimu, kuna daftari langu hujalipitia tangu wiki iliyopita," na maisha yakaendelea.

Jumatano, siku mbili kabla ya kikomo, serikali ikajibu. Fomu ya ukurasa mmoja, visanduku vya kuweka alama, muhuri uliopigwa pembeni. Mwalimu wa hesabu, madarasa mawili, wanafunzi thelathini na wanne na thelathini na sita. Shule mbili, kwa basi, Jumanne na Alhamisi katika ile ya pili. Makazi: chumba kimoja katika nyumba ya walimu. Shangazi aliisoma kwa sauti, na alipofika kwenye "chumba kimoja" akaitua mezani kama kipimo cha mgonjwa asiyepona.

"Hata hawasemi kama kina dirisha," alisema.

"Soma mpaka chini, Shangazi."

Chini, nje ya visanduku, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya kawaida. Kwa lugha yake, lakini tulielewa sote: "Nimemchagua mimi." Jina kamili la yule mama wa sweta. Tarehe.

Mama alicheka peke yake mpaka akavua miwani. Kisha akachukua utepe wa kupimia, akaniambia nisimame, maana koti la baridi halishonwi kwa kukisia. Nilisimama katikati ya sebule mikono imetandazwa, Shangazi akinung'unika kwamba ni kitambaa kizito ndicho kinachotakiwa, na siyo hicho. Hapo ndipo simu ikalia.

Ilikuwa barua pepe kutoka kwa yule mjumbe wa bodi. Niliifungua nikitegemea wanasheria. Hakukuwa na salamu. Hakunishukuru, hakunitukana. Aliandika: "Binti yangu ana swali. Anasema kwenye mfano wako wa pili, mstari wa pili, baada ya kufungua mabano umeandika kutoa sita. Anauliza kama isingekuwa kujumlisha sita."

Nikaenda kuitafuta nakala. Saba, kutoa mara tatu ya mabano ya x kutoa mbili. Mstari wa pili, kwa wino mwekundu wa hasira, kalamu imetoboa karatasi: saba, kutoa tatu x, kutoa sita. Kosa lile lile, la alama ile ile. Mstari wa tatu nilikuwa nimeendelea kwa usahihi kana kwamba sikukosea, kwa hiyo jicho langu lilipita. Na chini kabisa: Nimesahihisha mimi.

"Kuna nini?" Mama aliuliza, utepe ungali shingoni mwake.

"Nimekosea, Mama."

"Wamekushitaki?" Shangazi akasimama.

"Hapana. Namba saba kaniona."

Nikakaa mezani kwa Mama, nikasukuma vipande vya kitambaa, nikaandika: "Ndiyo. Ni kujumlisha sita. Katika darasa langu, aliyetia jina ndiye anayekatwa alama. Nikate." Nikaandika jina langu kamili na tarehe, nikatuma.

Jibu lilikuja kabla Mama hajamaliza kupima mkono wa pili. Safari hii hakuwa baba. Ilikuwa namba tupu, "Tisini na nane," na chini yake, herufi kwa herufi kama alivyoinakili kutoka kwenye karatasi yangu bila kujua lugha yake, yale maneno mawili ya Kiswahili, na jina la msichana ambalo nililisoma kwa mara ya kwanza.